Kujiamini kwa mwanamichezo: motisha na malengo vinaingia wapi?

Kujiamini michezoni ni imani ya mwanamichezo kwamba anaiweza kazi fulani iliyo mbele yake. Si majigambo, na haienei sawasawa kila mahali: kipa anaweza kuwa jasiri kwenye penalti, lakini akababaika kila krosi inapopigwa.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeieleza imani hiyo mwaka 1977, alitaja vyanzo vyake vinne: mafanikio ya mtu mwenyewe, kuona wenzake wakifanikiwa, maneno ya kutiwa moyo, na namna anavyoutafsiri mwili wake, kwa mfano moyo unapomwenda mbio. Chenye nguvu zaidi ni cha kwanza. Kelele za "unaweza!" bila ushahidi huisha makali mapema. Na kinachoamua nini kihesabiwe mafanikio ni lengo.

Lengo la matokeo ni kushinda au kupata medali. Huamsha ari, ila linategemea pia wapinzani. Mkimbiaji anaweza kuvunja rekodi yake binafsi na bado akamaliza wa tano. Kama alijiwekea medali tu, atajiona ameshindwa siku aliyokimbia vizuri kuliko zote. Kwa hiyo chini ya lengo hilo panahitajika lengo la kiwango, yaani kujipima na nafsi yake, na lengo la utekelezaji, kama vile kulegeza mabega mzunguko wa mwisho.

Tuchukue mkimbiaji wa mita 5,000 mwenye muda wa dakika 15:25. Huo ni wastani wa sekunde 74 kwa kila mzunguko wa mita 400. Anataka 15:00, yaani sekunde 72. Akizivamia 72 moja kwa moja na kukwama kila wiki, anachokusanya ni ushahidi dhidi yake. Afadhali aanze na 73: mita 800 mara sita, kila moja kwa dakika 2:26, apumzike katikati. Akizimudu bila kukakamaa ndipo ashuke. Aandike kila zoezi daftarini, kwa sababu wasiwasi wa kabla ya mashindano husahaulisha haraka kazi iliyokwisha kufanyika.

Motisha na kujiamini hulishana. Anayejiamini huchagua lengo gumu kiasi na hung'ang'ana likimsumbua. Mwenye mashaka mara nyingi hukimbilia lengo rahisi mno, au lisilowezekana kabisa, ambalo akilikosa hakuna wa kumlaumu. Kocha akiliona hilo asidhani ni uvivu wala tamaa.

Makosa mengine ni ya kawaida: kocha kupanga malengo peke yake, ari ya mchezaji ikapoa kwa kuwa si yake, au kurundika malengo saba kwa mpigo, wakati mawili yanatosha. Baya zaidi ni kutorekebisha lengo baada ya jeraha. Anayerudi baada ya miezi mitatu nje apimwe kwa alichofanya wiki iliyopita, si kwa muda wake wa kabla ya kuumia.