"Shule imemshinda, mfundishe tu kuchomelea"

Jamani nimechoka kuletewa vijana kwa maneno haya. "Fundi, huyu sekondari hakumaliza, kichwa kizito, mpe tu weldi." Na kijana mwenyewe kasimama pale pale anasikia! Yaani watu wanaamini ukikosa cheti cha sekondari unabaki na kazi za nguvu, na ufundi ni moja ya hizo.

Kuhusu cheti wako sawa kidogo. Mtihani wa kuchomelea kwa kiwango cha D1.1 cha AWS, yaani chama cha uchomeleaji cha Marekani, haukuulizi uliishia darasa la ngapi. Unaunganisha bamba kwa mkao wa 3G (bamba limesimama wima) au 4G (unachomelea juu ya kichwa), linakatwa vipande, vinakunjwa kwenye mashine mpaka viwe umbo la U, mkaguzi anaangalia upande uliovutika, na ufa au kitundu kimoja tu kikizidi milimita 3 umefeli. Msomi na asiyesoma wanapimwa kwa milimita zile zile, na hapo ndo naipendea hii kazi.

Lakini kichwa kinatumika, tena sana. Chukua fimbo ya kuchomelea ya E7018. Hiyo 70 ni nguvu ya mvutano, paundi 70,000 kwa inchi ya mraba, 1 ni ruhusa ya mikao yote, 8 ni ganda lenye hidrojeni kidogo, ndo maana tunaiweka kwenye oveni, maana ikinyonya unyevu hidrojeni inaingia kwenye chuma na ufa unaweza kuja masaa mengi baadaye wakati wewe umeshafunga kazi umeenda kulala. Asiyejua hilo anaacha pakiti wazi usiku kucha, asubuhi anachomelea, mshono unang'aa vizuri kabisa, na ndani kuna hatari. Hiyo ni kemia, tena kemia ya kubeba roho za watu. Halafu mtu ananiambia kichwa hakihitajiki?

Udereva wa malori, upishi, ufundi bomba, kote huko njia za kuingia bila cheti zipo. Ujerumani sheria ya mafunzo ya ufundi haidai cheti chochote cha shule, ila waajiri ndo wanaochuja.

Kinachonisumbua ni huko mbele. Ukitaka kuwa mkaguzi wa AWS, mwenye cheti cha sekondari anadaiwa uzoefu wa miaka 5, aliyeishia darasa la 8 anadaiwa 9. Mlango upo, ila foleni ni ndefu. Kwa hiyo kijana wa miaka 17 akiniuliza arudi shule kwanza au aanze kazi, nasita kweli, maana kuna wenye njaa nyumbani na siwezi kuwaambia wasubiri. Mara nyingi nasema aanze kazi na masomo ya jioni asiyaache, na bado sijaridhika na jibu hilo.

Ninachofanya kwa sasa, anayekuja kwangu anaanza na futi, kalamu na kusoma WPS (karatasi ya maelekezo ya kuchomelea) mpaka anieleze mwenyewe kwa nini ampia, yaani kipimo cha umeme wa mashine, zimewekwa hapo zilipo. Mashine baadaye. Na mzazi akianza yale maneno yake, namwomba ayaseme kijana akiwa hayupo.