Picha ya kihistoria ni nini? Kadi za posta na mabango ya Dar ya zamani

Mara kwa mara huzunguka kwenye simu zetu picha ya Dar es Salaam iliyoandikwa "mwaka 1900", na katikati yake amesimama yule askari wa shaba pale Barabara ya Samora, bunduki ameielekeza bandarini. Picha ni nzuri na ni ya zamani kweli, ila mwaka si huo. Sanamu ya Askari, ambayo wazee waliiita Bismini, ilizinduliwa mwaka 1927. Picha yoyote inayoionyesha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Kosa hilo linatokana na kuchanganya vitu viwili. Picha ya zamani ni ile iliyokaa miaka mingi, basi. Picha ya kihistoria ni ile tunayoweza kuihoji kama shahidi: nani aliitengeneza, lini, amuuzie nani, na alitaka mtazamaji aamini nini. Hapa nazungumzia hasa picha zilizochapishwa kwa wingi ziuzwe au zibandikwe ukutani, yaani kadi za posta, mabango na michoro ya matangazo. Hazikutengenezwa ili zihifadhiwe makumbusho. Zilikuwa bidhaa za siku ile, na ndiyo maana zimebeba mambo madogo ambayo makarani wa serikali hawakuona haja ya kuyaandika.

Kadi ya posta ilianza Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, karatasi ngumu isiyo na picha. Picha zikafuata, na kuanzia miaka ya 1890 hadi Vita Kuu ya Kwanza watu wa Ulaya walizinunua na kuzikusanya kwa mapenzi makubwa. Miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa hapa, wameshahamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kwa hiyo mji wetu ukaingia kwenye kadi mapema: bandari, kanisa la Azania Front, kanisa la Mtakatifu Joseph, na barabara yenye miti waliyoiita Unter den Akazien, ambayo leo ni Samora.

Sasa jiulize mnunuzi alikuwa nani. Alikuwa afisa, mmisionari, mfanyabiashara au msafiri wa meli, anayetaka kumwonyesha mama yake kule Hamburg kwamba yuko mahali pazuri na salama. Kadi ilimpa alichotaka. Jengo limeandikwa jina lake, meli imeandikwa jina lake, lakini mtu mweusi aliyesimama chini ya mnazi ni "mwenyeji" tu. Alikuwa na jina, na huenda wajukuu wake wanaishi Gerezani au Kariakoo hadi leo. Na zile kadi za wanawake waliopangwa studio, wakavuliwa nguo ili picha zao ziuzwe kwa wageni, mimi naona hazifai kusambazwa tena kwa kisingizio cha kumbukumbu. Anayezichunguza kwa utafiti azitunze kwa heshima.

Rangi nayo ina habari yake. Picha nyingi za wakati ule zilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, rangi zikatiwa baadaye wakati wa kuchapa, mara nyingi huko Ulaya, na fundi ambaye hajawahi kuiona Bahari ya Hindi. Ukiona mwanamke amevaa kanga ya kijani kwenye kadi ya 1905, usiandike popote kwamba kanga za mwaka ule zilikuwa za kijani. Uliyoyaona ni maamuzi ya mchapaji. Mkunjo wa kanga, jinsi ilivyofungwa na urefu wake, hayo yalipita kwenye lenzi na unaweza kuyategemea zaidi, ingawa nayo yangeweza kupangwa na mpiga picha.

Kisha geuza kadi. Upande wa nyuma ndiko kwenye ushahidi mwingi, na ndio upande ambao watu hawauweki mtandaoni. Kabla ya 1905 posta ya Ujerumani iliruhusu anwani tu upande huo, kwa hiyo mwandishi alibana salamu zake pembeni mwa picha. Ukiona nyuma pamegawanywa kwa mstari, nusu ya maneno na nusu ya anwani, kadi ya Kijerumani hiyo ni ya 1905 au baadaye. Stempu nayo inasaidia. Za Wajerumani zilihesabiwa kwa sarafu zilizoitwa pesa na rupia, kisha kuanzia 1905 kwa heller na rupia. Stempu yenye kichwa cha twiga ni ya Tanganyika ya Waingereza, iliyotoka 1922. Hata tahajia ni dalili: Wajerumani waliandika Daressalam, neno moja. Muhuri wa posta, kwa upande wake, unakupa ukomo tu. Kadi iliyotumwa 1913 haikuchapishwa baada ya 1913, lakini picha yake inaweza kuwa imepigwa miaka kadhaa nyuma, maana wenye maduka waliuza akiba yao hadi iishe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa sanamu mbili. Mwaka 1909, miaka miwili baada ya vita vya Maji Maji, Wajerumani walisimamisha Dar sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri na Bwana Heri, viongozi wa upinzani wa pwani. Wissmann amesimama juu, na chini yake kuna askari Mwafrika anayemtazama kwa kuinua macho. Wajerumani walipoondoka sanamu ilipelekwa Hamburg, na huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Weka kadi yake karibu na kadi ya Sanamu ya Askari. Katika ya pili askari hana bwana juu yake, lakini hata hiyo ilisimamishwa na Waingereza, kwa namna walivyotaka wao vita vyao, yaani Vita Kuu ya Kwanza, vikumbukwe. Kadi zote mbili ziliuzwa kama mandhari ya mji.

Bango hufanya kazi tofauti kidogo, kwa sababu linaamrisha. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu walihimizwa kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kujikinga na malaria. Mtu atakayeona miaka mia ijayo mchoro wa familia yenye choo safi asidhani kila nyumba ilikuwa hivyo. Ingekuwa hivyo, kampeni ya nini? Bango linaonyesha kilichokuwa kinakosekana, na nani alijiona ana wajibu wa kukisema.

Ukikuta kadi kama hizi kwenye sanduku la bibi, usizibandike kwa gundi kwenye albamu. Zipige picha pande zote mbili, na kama bibi yupo, muulize majina ya anaowatambua, uyaandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni.