Mto wa sufi hauna aleji? Hapana jamani

Kuna hii kauli naisikia sana, eti ukiwa na aleji tupa godoro la sponji, chukua mto wa sufi au pamba maana ni vya asili, basi chafya kwisha. Sio hivyo. Wengi wanaopiga chafya kitandani shida sio sufi wala sponji, ni utitiri wa vumbi, vidudu vidogo mno hata huvioni kwa macho, vinakula magamba ya ngozi yetu na vinapenda unyevu, na kinacholeta aleji hasa ni kinyesi chao, sasa havijali mto wako umetoka mtini au kiwandani. Na kwa joto la Pwani, Mombasa au Tanga huko, unyevu upo mwaka mzima.

Sufi yenyewe haifuliki vizuri, ikilowa inagandamana, na ikizeeka inavunjika inakuwa vumbi, ndo maana ule mto wa bibi wa miaka na miaka naomba sana usimlazie mtoto mwenye pumu.

Pamba naipenda kwa shuka na foronya coz unafua kwa maji ya moto, nyuzi joto 60 kila wiki, utitiri unakufa. Mto wenyewe uvalishe kava lenye zipu lililofumwa kwa kubana.

Godoro la mpira asilia nalo, kama glovu za mpira zinakuwasha muulize daktari kwanza. Na shuka za "mianzi" nyingi ni viskosi, mianzi imeyeyushwa kwa kemikali, laini kweli ila hazizuii utitiri.