Kisu Kinapochonga Hewa: Kagua Mihimili na Malighafi Kwanza

Kisu kikipita juu ya chuma bila kukigusa, au kikizama kuliko ulivyopanga, wengi hukimbilia kubadili kasi au kina cha mkato. Mimi hurudi kwanza kwenye maandalizi ya kazi ndani ya CAM, programu inayopanga njia za kisu cha mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), pale unapoiambia mambo matatu: mhimili wa Z unaelekea wapi, sufuri (mahali vipimo vyote vinapoanzia) iko wapi, na pande la malighafi lina ukubwa gani. Yakague kwa mpangilio huo.

Mwelekeo hauchukui muda. Kwenye mashine ya mihimili 3, yaani mielekeo ya mwendo X, Y na Z, Z hufuata spindeli (sehemu inayozungusha kisu), na upande wake chanya huelekea mbali na kazi. Baadhi ya programu za usanifu huchora Y ikitazama juu, ndiyo maana modeli huingia CAM ikiwa imelala ubavu. Iache modeli ilivyo, uzungushe mihimili ya maandalizi: chagua uso bapa uwe Z na ukingo mrefu uwe X. Y itajipanga yenyewe kwa kanuni ya mkono wa kulia, yaani gumba ni X, kidole cha shahada Y, cha kati Z. Modeli ikiingia kubwa au ndogo mara 25.4, hapo inchi na milimita zimechanganywa.

Kazi kubwa iko kwenye sufuri. Chukua modeli ya milimita 80 kwa 50, unene 20. Malighafi umeiwekea ziada ya milimita 2 kila ubavu, 1 juu na 2 chini, basi ni 84 kwa 54 kwa 23. Kwenye CAM sufuri umeiweka kwenye kona ya juu ya modeli, lakini mashineni, ili kuionyesha sufuri, umegusisha kisu kwenye kona ya malighafi. Matokeo yake yanasomeka kwenye kipande chenyewe. Ubavu mmoja unabaki na ngozi yake ya kiwandani kwa sababu kisu kimepita ukingoni tu, na ubavu wa pili unabakiwa na milimita 4. Uso wa juu nao haujasawazishwa, na chini pamebaki 3 badala ya 2. Ukiona ngozi upande mmoja na unene upande wa pili, usiguse kitu kingine: ni sufuri.

Napendelea sufuri ikae upande unaoegemea taya la jiriwa lisilosogea. Vipande vya malighafi hutofautiana upana, ila taya hilo halihami, kwa hiyo tofauti yote huangukia upande wa pili ambako kisu kitaikata.

Ukubwa wa malighafi pia upime kwa kalipa, usiunakili kutoka kwenye lebo. Programu hupanga urefu wa kuinulia kisu kwa kufuata malighafi unayoitangaza. Ukitangaza 23 huku pande halisi ni 27, na sufuri iko chini ya malighafi, mkato wa kwanza unaongezeka milimita 4, na mwendo wa haraka wa G0 (amri ya kusogeza kisu bila kukata) uliopangwa kupita milimita 2 juu ya uso utapita ndani ya chuma. Hapo kisu huvunjika, na vipande vyake huruka.

Kazi ya pande mbili ina mtego wake. Kugeuza kipande kwa kukizungusha kwenye X hubadili Y na Z. Kukizungusha kwenye Y hubadili X na Z. Njia hizi mbili hutofautiana kwa nyuzi 180, na kama umbo la nje ni mstatili, jiriwa litakipokea kipande vyovyote vile, kisha matundu yatoke kona ya mkabala. Weka alama ya kalamu kwenye kona moja, na uangalie kwenye skrini kona hiyo imehamia wapi. Halafu, katika maandalizi ya pili, chagua malighafi iliyobaki kutoka maandalizi ya kwanza. Ukiacha lile pande zima la mwanzo, kisu kitatumia muda mrefu kuondoa chuma ambacho hakipo tena.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, fungua faili ya amri iliyotolewa na CAM na usome mistari ya mwanzo. Kama sufuri iko juu ya malighafi, kila Z ya mkato lazima iwe hasi. Kama iko chini, ziwe chanya mpaka kisu kitoboe. Na kama maandalizi yanasema G55 wakati umegusisha G54 (amri hizi huchagua mashine itumie sufuri ipi kati ya zilizohifadhiwa), mashine itaelekea mahali pengine kabisa.