Shamba limekuwa gumu: mbolea ya dukani ina hatia gani?

Wakulima wa mahindi huniuliza kila msimu kama mbolea ya dukani ndiyo iliyofanya mashamba yao kuwa magumu. Jibu langu: si moja kwa moja.

Kwanza kipimo chenyewe cha ugumu, yaani msongamano: uzito wa udongo mkavu kwa ujazo wake. Napigilia ardhini pete ya chuma yenye ujazo wa sentimita za ujazo 100, nasawazisha udongo juu na chini kwa kisu, kisha naukausha kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usipungue tena. Ukibaki gramu 130, msongamano ni gramu 1.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Namba hiyo haisomwi bila kujua aina ya udongo: 1.5 kwenye kichanga ni kawaida, kwenye mfinyanzi mizizi inahangaika.

Mbolea za dukani kama DAP na yurea hukuza mahindi, na mahindi yaliyostawi huacha mizizi na mabua mengi. Mabua yakirudi shambani, mboji huongezeka na udongo hulegea. Kwetu lakini mabua huliwa na ng'ombe au huchomwa moto. Tena, mbolea hizo zikitumika miaka mingi bila chokaa huongeza asidi, na minyoo wengi wa ardhini, ambao hulegeza udongo, hawaipendi asidi hiyo. Hapo lawama ina ukweli kidogo.

Kubadilisha mazao nako kunategemea unabadilisha na nini. Kabete, Kenya, kuna jaribio lililoanza 1976: mahindi mvua ndefu, maharage mvua fupi. Kaboni ya udongo, inayoonyesha wingi wa mboji, ilishuka hata hivyo. Palipowekwa samadi na kurudishwa mabua, ilishuka kwa kiasi kidogo kuliko kwingine. Sishangai. Maharage tunayang'oa na mizizi yake, tunayapigia uani, na maganda hayarudi. Mbaazi ni habari nyingine: hukaa shambani miezi mingi, hupukutisha majani, na mzizi wake mkuu ukioza huacha tundu ambalo mizizi ya mahindi hulifuata.

Samadi nayo inataka subira. Hekta moja, kina cha sentimita 15, msongamano 1.3, ni takribani tani 1,950 za udongo. Tani 10 za samadi mbichi, ambayo sehemu kubwa ni maji, hazifiki hata asilimia moja ya uzito huo.

Ukipima, usipime mara baada ya kulima, maana jembe hulegeza kila kitu kwa muda. Na usiishie juu: shamba lililozoea trekta, chukua sampuli nyingine chini kidogo ya kina cha jembe, ambako tabaka gumu hujificha.