Kipimo cha vinasaba cha bakteria hatari katika vyakula vya baharini: maana yake

Mnunuzi mzoefu anapofika diko la Malindi, Unguja, hufunua mashavu ya samaki na kutazama kama matamvua yangali mekundu, akabonyeza nyama, akanusa, na kwa hayo huweza kusema bila ya wasiwasi kama samaki ni wa leo au wa juzi. Anachokipima hapo ni ubichi tu. Bakteria wanaomwozesha samaki na bakteria wanaomuumiza mlaji kwa kawaida si wamoja, na hao wa pili wanaweza kuwamo kwa wingi ndani ya chaza asiye na harufu yoyote mbaya. Kipimo cha vinasaba ni njia ya maabara ya kuwatambua kwa kutafuta, ndani ya sampuli ya chakula, kipande cha DNA, yaani kemikali inayobeba vinasaba vya kila kiumbe, ambacho ni alama yao.

Kwa watu wa visiwani, mfano unaotugusa zaidi ni bakteria wa jamii ya Vibrio. Makazi yao ya asili ni maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kwa hiyo pwani ikiwa safi bado wanaweza kuwapo, na chaza, ambaye hujilisha kwa kuchuja maji mengi, huwakusanya mwilini mwake. Vibrio parahaemolyticus alitambuliwa Osaka, Japani, baada ya watu 272 kuugua na 20 kufariki mwaka 1950 kwa kula dagaa walioanikwa nusu. Hata hivyo, wengi katika aina hiyo hiyo hawamdhuru mtu. Wanaoleta maradhi mara nyingi hubeba jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kutengeneza sumu, ziitwazo tdh na trh, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, ilipo thamani kubwa ya kipimo hiki. Ukiwaotesha bakteria hao kwenye sahani ya maabara utaona vidoa vya kijani, ilhali wale wa kipindupindu kwa kawaida hutoa vidoa vya manjano, lakini rangi hiyo haikwambii ni yupi kati ya wale wa kijani mwenye jeni ya sumu.

Njia inayotumika zaidi, ya kunakili kipande cha DNA tena na tena mpaka kiweze kuonekana, ni PCR, jina ambalo wengi wetu tulilizoea wakati wa UVIKO-19, wasafiri walipotakiwa kuonesha cheti. Mmarekani Kary Mullis aliibuni mwaka 1983, na mwaka 1993 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia. Nyama ya chaza au kamba, mara nyingi gramu 25, husagwa na kuachwa kwa saa kadhaa katika maji yenye virutubisho na chumvi ili bakteria walio hai waongezeke, kisha DNA hutolewa na kutiwa kwenye mashine. Joto la nyuzijoto 95 za Selsiasi hivi huzitenganisha nyuzi mbili za DNA. Joto likishuka, vipande vifupi vilivyotengenezwa makusudi hujishika kwenye jeni inayotafutwa, na kama jeni hiyo haimo, havina pa kujishika. Kisha kwenye nyuzijoto 72 kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi hiyo, hukamilisha nakala. Kimeng'enya hicho kilitokana na bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, ndiyo maana hakiharibiki kwa joto. Kila mzunguko huzidisha nakala mara mbili, hivyo mizunguko 30 inaweza kuzaa zaidi ya bilioni moja kutoka nakala moja.

Ipo pia LAMP, njia nyingine ya kunakili DNA, iliyotangazwa na Wajapani mwaka 2000, ambayo hufanya kazi kwenye joto moja tu la nyuzi 60 hadi 65. Kwa kuwa haihitaji mashine ya kupandisha na kushusha joto, naiona inafaa zaidi kwa maabara ndogo za Wete au Mkoani, kisiwani Pemba.

Udhaifu wa vipimo hivi ni kwamba DNA hubaki hata baada ya bakteria kufa. Kamba waliochemshwa vizuri wanaweza kutoa jibu la kuwapo jeni ilhali hakuna kilicho hai, na kwa sababu hiyo jibu hilo huthibitishwa kwa kuwaotesha bakteria wenyewe. Kinyume chake, baadhi ya viambata vya nyama ya chaza huzuia kimeng'enya kufanya kazi, kwa hiyo maabara makini hutia ndani ya kila sampuli DNA nyingine inayojulikana. Nayo isipoonekana, jibu la "hawakugunduliwa" halikubaliwi. Hata linapokubaliwa, maneno hayo yanazihusu gramu 25 zilizopimwa, si gunia zima la chaza.