Fildi ya hiari humvuta wapi daktari mtarajiwa?

Shahada ya udaktari hapa Tanzania ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya hospitali chini ya uangalizi. Karibu kila kitu humo kimeshapangwa: wodi gani, lini, chini ya nani. Fildi ya hiari, yaani mafunzo ya vitendo anayojichagulia mwanafunzi, ni wiki chache tu, lakini ndipo mwanafunzi anapoulizwa yeye anataka kwenda wapi. Sisi tunaosomesha tunaona wengi wakirudi na neno jipya mdomoni: watoto, upasuaji, afya ya jamii.

Katika hospitali kubwa kama Mnazi Mmoja ya Unguja, kitanda kimoja huzungukwa na kundi zima, na aliye nyuma huona migongo ya wenzake. Hospitali ya wilaya ina wanafunzi wachache. Mwanafunzi humhoji mgonjwa mwenyewe, kisha daktari humgeukia: "Haya, wewe unasemaje?" Swali hilo humfunza mengi kuhusu nafsi yake.

Chukua kichocho cha mkojo, ambacho Pemba bado kipo. Mtoto wa skuli analetwa anakojoa damu. Mkojo unachukuliwa karibu na adhuhuri, wakati mayai ya vimelea hutoka kwa wingi, unachujwa, na kwenye darubini yai linaonekana na mwiba wake mdogo nchani. Dawa yake, prazikwanteli, inatolewa. Kitabuni kesi imekwisha. Lakini mwanafunzi akifuatana na wahudumu hadi kwenye kidimbwi anachoogea mtoto yule, akawaona konokono wanaobeba vimelea, anaelewa kwamba mtoto atarudi wodini. Wapo wanaoondoka hapo wakiitaka afya ya jamii, fani ambayo darasani waliiona ya kusinzia. Bahati nzuri Pemba ina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, kwa anayetaka kuzama zaidi.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2010 na 2021, linashauri wanafunzi wapelekwe vijijini wakiwa bado masomoni, ili madaktari wapatikane huko baadaye. Nakubaliana nao, kwa tahadhari. Anayechagua Micheweni, kule Pemba, huenda alishaipenda kabla ya kupanda boti, na aliyezaliwa shamba ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi shamba. Tusiipe fildi sifa zote.

Na fildi mbovu hufukuza. Msimamizi haonekani, malazi hayajulikani, mwanafunzi anageuzwa tarishi wa kupeleka sampuli maabara. Akirudi, fani ile haitaki tena, ingawa fani yenyewe haina kosa.

Wazazi nao wana sauti kubwa. Kijana anayerudi akisema anataka magonjwa ya akili baada ya wiki kadhaa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu mara nyingi hupokelewa kwa mshtuko nyumbani. Mwacheni aseme alichokiona huko kabla hamjamtajia upasuaji wa moyo.

Kwa mwanafunzi anayejaza fomu sasa: uliza nani hasa atakusimamia na kama atakuwepo, utalala wapi, utaruhusiwa kufanya nini kwa mikono yako. Omba zamu za usiku pia. Kazi utakayoifanya miaka thelathini ionje na saa nane za usiku, ukiwa na njaa, na mgonjwa mwengine yuko mlangoni.